Upande wa Pili wa Barua ya Lutengano

Mwalimu Mika Ngailo hakuwa mtu mbaya. Tuliseme hilo mapema, maana atakayeyasikia yaliyompata Lutengano bila kuyajua mengine atamwona Mika kama shetani aliyevaa koti, na shetani hana haja ya kuamka alfajiri kwenye baridi ya Mufindi kwenda kuwafundisha kusoma vibarua wa chai. Mika alifanya hivyo miaka saba, bila kulipwa. Aliwabeba wagonjwa kwa machela. Alipoitwa kwenye ugomvi wa mume na mke, alikwenda hata kama ugali ulikuwa mezani. Kosa lake lilikuwa jingine, nalo lilianza na gazeti.

Alikuwa mwinjilisti wa usharika mdogo wa Kilutheri, mwendo wa saa moja kutoka Igowole kwa miguu. Gazeti la Kiswahili lilimfikia kwa basi likiwa na umri wa wiki tatu, na Mika alilisoma huku Biblia iko wazi kando yake. Kila alichokisoma huku alikitafutia mwenzake kule. Mwaka 1954 alisoma kwamba Wazungu wamelipua bomu baharini na majivu yake yakawaunguza wavuvi waliokuwa mbali, akaenda moja kwa moja kwenye Ufunuo. Alisikia mwenye shamba la chai ana redio inayosema habari za Ulaya sebuleni kwake, akaitafutia nabii. Vijana wa kambini waliponunua gramafoni na kuanza kucheza dansi wameshikana viuno, hakuhangaika hata kutafuta. Hilo alilijua lilipo. Mlangoni mwa kanisa alitundika ubao mweusi, na kila Jumapili aliandika juu yake kwa chaki ishara mpya ya nyakati. Watu walitoka mbali kuja kuusoma ule ubao, na wasiojua kusoma walisomewa.

Mwishowe ishara zikawa nyingi mno, ikabidi azipigie hesabu. Alichukua siku za Danieli na miezi ya Ufunuo, akazijumlisha, akazigawa, akapata mwezi wa kumi wa mwaka 1955. Hakuutangaza madhabahuni, maana aliujua mpaka wake kama mwinjilisti. Lakini aliwanong'oneza wazee wa kanisa, na jambo ukimnong'oneza mzee wa kanisa umelitangaza.

Mkewe Rozalia, aliyezaliwa jirani na misheni ya Tosamaganga na kulelewa na masista kabla ya kuolewa na kuwa Mlutheri, alimuuliza mara moja tu.

"Baba Didas, hiyo tarehe umeambiwa au umeipata kwenye hesabu?"

"Nimeipata kwenye Neno."

"Haya," alisema Rozalia, akaendelea kuchambua maharage.

Basi, mtu anayejua Bwana wake anakuja mwezi wa kumi hana subira tena. Mika aliona kazi yake ni moja: kulisafisha kanisa upesi kabla ya siku hiyo. Mambo ambayo zamani angeyafuatilia kwa miezi, akiuliza huku na kule, sasa aliyakata kwa siku moja. Mlevi nje ya meza. Aliyekwenda kwa mganga nje ya meza. Binti aliyekutwa kwenye dansi nje ya meza. Kuwa nje ya meza maana yake ni kukaa benchi la nyuma, kutoshiriki chakula cha Bwana, na ukifa kabla hujatubu unazikwa bila kengele, bila wimbo na bila mwalimu. Mwaka ule benchi la nyuma likawa halitoshi, ikabidi waongeze la pili.

Ndipo ikaja habari ya Lutengano.

Lutengano alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mpogoaji katika shamba la chai la Mzungu, mtu mfupi, mpole, mwenye sauti nzito ya kuimbia besi. Alifika Mufindi pamoja na mdogo wake, wakajenga jirani, ng'ambo ya kijito kinachopita chini ya kanisa. Herufi zote alizozijua alifundishwa na Mika mwenyewe. Mdogo wake alipofariki, aliacha mjane, Lea, na watoto watatu. Matanga yalipokwisha, wazee wa ukoo walitoka Tukuyu, wakaketi uani, wakaleta jembe la marehemu. Katika mila yao ndugu wa marehemu anayelipokea jembe lile amempokea mjane. Na Lutengano, Mkristo, mwenye mke wake wa ndoa Tusekile, alilipokea kwa mikono miwili mbele ya watu.

Habari hizo zilimfikia Mika kabla ya jua kutua. Jumamosi iliyofuata alimwita mbele ya wazee wa kanisa.

"Lutengano, jembe la marehemu ulipokea au hukupokea?"

"Nilipokea, mwalimu, lakini..."

"Ulipokea."

"Ndiyo, lakini hiyo jembe..."

Mika aliinua mkono. Alikumbusha kwamba Bwana ametufundisha ndiyo yetu iwe ndiyo, na siyo yetu iwe siyo, na yanayozidi hapo yametoka kwa yule mwovu. "Ndiyo yako tumeisikia," alisema. "Hiyo lakini ndiyo inayozidi."

Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika. Kwa kweli lilikuwa jibu zuri, na Mika alijisikia vizuri kulitoa. Lutengano aliwatazama mmoja mmoja, akatoka. Jumapili yeye na Lea walikaa benchi la nyuma, na kwaya ikakosa besi. Lea hakuitwa mbele ya wazee. Alihesabiwa pamoja na jembe.

Wiki mbili baadaye Lutengano alimkabidhi Mika barua mlangoni mwa kanisa. Ilikuwa imekunjwa mara nne, imeandikwa kwa penseli upande mmoja tu wa karatasi kubwa aliyoinunua kwa Bushiri, mwenye duka wa Igowole. Mika aliifungua pale pale, akaona maneno ni mengi na mstari wa kwanza unaanza na "Mwalimu, uliniambia ndiyo au siyo." Akajua ni malalamiko. Akasema ataisoma Jumatatu, akaitia ndani ya Biblia.

Jumatatu hiyo gazeti lilifika, na Mika akaanza kuzipiga upya hesabu zake.

Mwezi wa saba wa 1955, chai ikipogolewa kwenye ukungu na baridi inayochoma vidole, Lutengano alishikwa na kichomi. Alilala siku tano. Siku ya nne Tusekile alivuka kijito akaja kwa Mika, kitenge kimelowa mpaka magotini.

"Mwalimu, anakuita. Anasema uje uombe tu, hata nje ya dirisha."

Mika alimhurumia. Lazima tuseme alimhurumia, maana alisimama, akashika kofia yake. Kisha akakumbuka miezi mitatu iliyobaki, akakumbuka na wazee wa kanisa watakavyosema, akaiweka kofia chini.

"Mwambie kwanza atubu. Akitamka tu kwamba amemwacha yule mwanamke wa pili, nitakuja mbio."

 Tusekile alimtazama Rozalia, si yeye, akaondoka. Kesho yake mchana Lutengano alifariki.

Alizikwa bila kengele. Kwaya ile aliyoiimbia miaka sita ilikaa nyumbani kwa sababu imekatazwa. Aliyefunga duka lake akaja na jembe begani kuchimba kaburi alikuwa Bushiri, Mwislamu, mzaliwa wa pwani, na aliwaita vibarua wawili wa kambini wakamsaidia. Jioni Mika alipopita dukani kununua chumvi, Bushiri alimpimia akamfungia bila maneno. Mika alipogeuka ndipo akamwambia.

"Mwalimu, mimi dini yako siijui, sikuingilii. Lakini yule bwana tumemzika kama tunaficha kitu."

"Sheria ya kanisa, Bwana Bushiri."

"Haya. Karibu tena."

Mwezi mmoja baadaye, Tusekile akiwa amekwisha funga mizigo na kurudi upande wa Mbeya kwa dada yake, Rozalia alikuwa akipanga makaratasi ya mumewe. Mika alikuwa ameketi mlangoni akishona kiatu. Rozalia aliacha kupanga, Mika akainua macho.

"Hii ndiyo karatasi ya hesabu zako?" aliuliza Rozalia.

"Ipi?"

Akamwonyesha. Ilikuwa karatasi kubwa, imejaa wino wa Mika: siku elfu moja mia mbili na sitini, siku elfu mbili na mia tatu, mishale, jumla, na chini kabisa mwaka 1955 umezungushiwa duara mara mbili. Karatasi zilikuwa haba, na Mika alikuwa na desturi ya kuandika popote palipobaki peupe. Rozalia aliigeuza. Upande wa pili ulikuwa wa penseli, herufi kubwa zilizolala kidogo kulia, jinsi Mika alivyowafundisha vibarua wake.

"Soma," alisema Rozalia.

Mika alisoma.

"Mwalimu, uliniambia ndiyo au siyo. Ndiyo yangu ina maneno mbele yake. Kaka yetu mkubwa wa Tukuyu ana wake watatu na alikuja kumtaka Lea awe wa nne. Lea alilia akasema hataki kuacha ubatizo wake. Kwetu aliyeshika jembe ndiye mwenye neno, hakuna mwingine wa kumgusa mjane. Nikashika. Lakini nyumbani kwake sijaingia kama mume hata siku moja, namlimia na kumpelekea kuni basi, Tusekile anajua, muulize. Mwalimu, haya yabaki kwako, yakifika Tukuyu kaka atakuja kumchukua. Nataka kanisa liwe na shahidi mmoja, ndio wewe. Kama nimekosa nionyeshe, nitarudisha jembe. Lakini kwanza unionyeshe Lea aende wapi. Wako katika Bwana, Lutengano."

Mika aliirudia mara mbili. Sindano ilikuwa bado mkononi.  Alikumbuka kwamba Mtume Yakobo alisema dini iliyo safi ni kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao. Mahali pale alikuwa amepahubiri mara tatu. Kumbe mtu mmoja tu katika usharika mzima alipasikia, na huyo ndiye aliyemtoa nje.

"Aliiandika lini?" aliuliza Rozalia.

"Mwaka jana. Mwezi wa kumi."

"Miezi kumi ulikuwa nayo."

"Mama Didas..."

"Ulipigia hesabu mgongoni mwake," alisema Rozalia. Hakupaza sauti. Alikunja karatasi, akamwekea juu ya goti, akaenda jikoni.

Hapo mtu angetegemea Mika angekimbia kanisani kupiga kengele. Hakukimbia. Kulikuwa na jambo jingine linalomkalia kooni: jina lake lilikuwa limepelekwa kwa wakubwa ili aende kusomea uchungaji. Wiki ya kwanza ya Majilio, kuelekea Krismasi, mchungaji wa wilaya angekuja kusikiliza kama usharika unamshuhudia vema. Mika alikuwa na miaka arobaini na miwili. Nafasi ile isingerudi tena.

Basi alifanya nini? Alimwomba Bwana aje mwezi wa kumi kama ilivyohesabiwa. Aliomba asubuhi na jioni, kwa bidii ambayo hajawahi kuwa nayo, na watu waliomsikia walisema mwalimu anaipenda kweli siku ya Bwana. Hawakujua kwamba mtu huyu alikuwa anaomba mbingu zikunjwe na bahari ikauke ili yeye asije kuwaambia watu sitini kwamba amekosa. Mwenyewe alijua, na kila alipopiga magoti aliona aibu ya kupiga magoti.

Mwezi wa kumi ulikuja, ukaisha. Chai ilichumwa. Tarehe moja Novemba, Mika aliufuta ubao wa mlangoni, na hakuandika tena. Mtu mmoja tu ndiye aliyemuuliza habari za siku ya Bwana, mzee mmoja wa kanisa, naye aliuliza kwa upole kama unavyomuuliza mtu habari za mgonjwa wake.

Wiki iliyofuata Mika alipanda lori la magunia mpaka barabara kuu, akalala kwa Mkristo mwenzake, kesho yake akapata basi la kwenda Mbeya. Siku mbili za vumbi. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, na kila alipoyapanga yalitoka mazuri mno, ya kimadhabahu, akayavunja akaanza upya.

Tusekile alikuwa Mwanjelwa, ambapo wakati ule palikuwa na vibanda vichache tu na watu wanaopanga ndizi na maharage kando ya njia. Alikuwa ameketi nyuma ya mafungu ya ndizi zake, amenenepa kidogo, amevaa kitambaa cheusi cha msiba. Alipomwona Mika hakushtuka.

"Ndaga, mwalimu. Umekuja Mbeya?"

"Nimekuja kwako, mama."

Akamwambia yote. Barua, gazeti, hesabu za mgongoni, kofia aliyoiweka chini. Alizungumza kwa sauti ndogo kwa sababu jirani kulikuwa na wanawake wanauza, na kila mmoja alipogeuza shingo Mika alipunguza sauti zaidi, mpaka mwisho alikuwa ananong'ona.  Alimaliza kwa kumwomba msamaha.

Tusekile alihamisha ndizi mbili kutoka fungu moja kwenda jingine.

"Mimi nilijua kwamba hukuisoma," alisema. "Yeye alikataa. Mpaka siku ya mwisho alisema, mwalimu anaifikiria, ni mtu wa kufikiri."

Mika alifunika uso kwa kiganja.

"Toa mkono usoni," alisema Tusekile. "Wanafikiri nimekufanyia jambo. Mwalimu, ulimtoa mume wangu kwa sauti kubwa, kanisani, mbele ya watu wote. Leo unakuja kuniomba msamaha mnong'ono, sokoni, Mbeya, ambako hakuna anayekujua. Unataka nikupe, urudi nao mfukoni?"

"Niambie nifanye nini."

"Rudi. Simama pale pale. Kaseme uliyoyatenda wewe, kwa sauti ile ile. Ukishamaliza, ya kwangu na wewe tutazungumza."

Alimpa ndizi tatu za njiani, maana mgeni ni mgeni. Mika alizila ndani ya basi akilia, na abiria wa jirani akamwuliza kama amefiwa.

Jumapili ya kwanza ya Majilio kanisa lilijaa mpaka milangoni. Mchungaji, mzee mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alihubiri kifupi. Kisha akawageukia watu kama desturi ilivyotaka.

"Mwalimu wenu ameombewa nafasi ya kwenda kusomea uchungaji. Yupo mwenye neno juu yake?"

Watu walitabasamu. Mzee mmoja alianza kusimama ili aseme mazuri. Mika alimtangulia.

"Mimi ninalo," alisema.

Alipanda mbele. Alikuwa amepiga moyo konde na sauti ilitoka, sauti ile ile ya siku zote. Akawaambia kwamba Lutengano hakuwa na kosa. Akawaambia alivyomkata maneno yake kwa kumtumia Bwana mwenyewe kama panga. Akawaambia habari za mwezi wa kumi, jinsi haraka yake ya kuiandalia njia siku ya Bwana ilivyomfanya ampite mtu aliyekuwa akifanya kazi ya Bwana ng'ambo ya kijito. Mama mmoja alianza kulia kwa sauti. Wazee wa kanisa walitazama miguu yao.

Na hapo alipaswa kukaa. Alikuwa amesema ya kwake. Lakini Mika alikuwa mhubiri kwa miaka saba, na mhubiri akiona watu wanalia hawezi kuacha. Alitoa barua mfukoni. Alitaka wamsikie Lutengano mwenyewe. Alitaka, nadhani, adhabu yake iwe kamili. Aliinua karatasi, akawaonyesha kwanza upande wa hesabu, kisha akaigeuza, akaanza kusoma upande wa penseli.

Alisoma habari za kaka mkubwa mwenye wake watatu. Alisoma habari za jembe. Alisoma kwamba Lutengano hakuingia kwa Lea kama mume hata siku moja. Aliendelea kwa sauti ya kufika mlangoni, "Mwalimu, haya yabaki kwako, yakifika Tukuyu kaka atakuja..."

Akasimama. Barua ile alikuwa ameisoma mara nyingi asizozijua idadi, nyumbani, njiani, ndani ya basi, na kila mara alikuwa akijitafuta yeye mwenyewe ndani yake, makosa yake yeye, aibu yake yeye. Mstari huu ulikuwa unapita mbele ya macho yake bila kumgusa. Sasa ulikuwa umekwisha toka mdomoni. Kanisa lilikuwa limejaa wapogoaji wa Kinyakyusa wanaokwenda nyumbani Tukuyu kila Krismasi.

Benchi la nyuma mtu alisimama. Alikuwa Lea, mwanamke mrefu, mwembamba, mtoto wa mwisho amemshika sketi. Alikuwa hajawahi kusema neno ndani ya kanisa lile tangu abatizwe.

"Mwalimu," alisema, "mimi naishi hapo ng'ambo. Ni mwendo wa kuvuka kijito. Nimesikia ulikwenda Mbeya siku mbili kumwomba radhi Tusekile. Vizuri. Kwangu hukupita, kwenda wala kurudi."



"Mliponitoa kwenye meza hamkuniita. Siku ile mlimuuliza Lutengano habari za jembe, mimi ndiye nilikuwa hilo jembe, hamkuniuliza. Alipokufa nikanyamaza, kwa sababu ukoo wanajua mimi ni mjane wake, na mjane wanamwachia mwaka mzima wa kupumua kabla hawajaleta maneno. Mwaka huo nilikuwa nao. Nilikuwa nafikiri cha kufanya. Sasa umewasomea watu wote kwamba hakuwa mume wangu. Mwaka huo sina tena." Aliwatazama wapogoaji, wakainamisha vichwa. "Siri ilikuwa yake na ilikuwa yangu. Yake umeiombea msamaha. Yangu umeisoma bila kuniuliza."

Mika alisimama mbele ya watu na karatasi mkononi. Alikuwa amekuja amejiandaa kuaibika, na alikuwa ameaibika kwa namna aliyoipanga, akaona karibu raha ya kumaliza. Aibu hii ya pili hakuipanga. Ilimpata wazi kabisa, ikaingia mahali ambapo ya kwanza haikufika, kwa sababu ya kwanza ilikuwa ya mtu aliyekuwa zamani, na hii ilikuwa ya mtu aliyesimama pale, leo, akitubu. Alitamani mchungaji aseme neno. Mchungaji alivua miwani yake akaishika tu.

Akamtafuta Rozalia kwa macho. Rozalia alikuwa amegeuka, anamtazama Lea.

Katika kichwa chake Mika alipita upesi vitabu vyote alivyovijua, sheria, manabii na mitume, akitafuta mstari wa kumjibu mwanamke huyu, na mistari ilikuja mingi kama kawaida. Akaiacha ipite. Alishuka kutoka mbele, akatembea katikati ya mabenchi mpaka alipokuwa amebakiza hatua mbili kumfikia. Akampa barua. Lea aliipokea.

"Mama Lea," alisema, na sauti ya mhubiri ilikuwa imekwisha, "wewe unataka tufanye nini?"

Lea alimtazama kama mtu anayesikia lugha anayoijua ikisemwa na mgeni.

"Sijui," alisema. "Hakuna aliyewahi kuniuliza, sikuweka jibu. Kaa chini kwanza, mwalimu. Nifikiri."

Mika akakaa hapo hapo chini, kwenye sakafu ya udongo. Mchungaji naye akaketi. Hakuna aliyeanzisha wimbo, hakuna aliyetoka, na kanisa zima likangoja Lea afikiri.